Mas'ala ya Bangi katika Jimbo la Oklahoma

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twataka katika darasa hili tuzungumze mas'ala ambayo yatajwa sana katika mabaraza ya miji yetu, na aghalabu hutajwa pasi na ujuzi. Ikizuka habari ya bangi, utasikia kauli mbili. Mmoja atasema: "Wamarekani ni watu wa elimu na mali, nao wameihalalisha, sisi twangoja nini?" Wa pili atamjibu: "Hao ni watu wasio na dini wala haya, hatuna la kujifunza kwao."

Kauli zote mbili ni makosa, na makosa yake yatoka mahali pamoja, napo ni kutojua. Wamarekani si watu wa neno moja katika jambo hili. Wako miongoni mwao mamilioni ya watu wa kanisa, wenye kuchunga watoto wao na kujali heshima ya majumba yao, ambao wamelijadili jambo hili kwa miaka mingi na kulipigia kura, na majibu yao hayakuwa ndiyo tupu wala la tupu. Mfano ulio wazi ni jimbo la Oklahoma. Katika muda usiotimu miaka 7, watu wa jimbo hilo waliulizwa maswali matatu, wakatoa majibu yasiyofanana. Mtu akiyafahamu maswali hayo matatu, na kwa nini kila moja lina jibu lake, hatababaishwa tena na maneno ya barazani.

Jimbo lenyewe na watu wake

Marekani ni muungano wa majimbo 50. Kila jimbo lina katiba yake, bunge lake, gavana wake na mahakama zake, na juu ya hayo iko Serikali Kuu. Sheria ya Serikali Kuu ya mwaka 1970 iliiweka bangi katika daraja la kwanza la madawa ya kulevya pamoja na heroini, yaani daraja la vitu vilivyohesabiwa kuwa havina kazi katika tiba. Lakini majimbo yalianza kufuata njia zao. California ilitangulia kuiruhusu kwa matibabu mwaka 1996. Mwaka 2012 majimbo ya Colorado na Washington yaliiruhusu kwa starehe, yaani mtu mzima aitumie apendavyo bila ya kuulizwa cheti cha daktari. Kufikia Novemba 2023, jimbo la Ohio lilipopiga kura yake, majimbo yaliyofanya hivyo yalikuwa 24. Basi mwenye kusema kwamba Marekani imeihalalisha bangi amesema nusu ya neno, kwani wakati huo majimbo 26 yalikuwa hayajafanya hivyo.

Oklahoma iko kaskazini ya Texas. Watu wake wapata milioni 4, na nchi yao ni nchi ya mafuta, ngano na ng'ombe, yenye makanisa mengi, hasa ya Wabaptist. Ni wahafidhina, yaani watu wapendao kuyahifadhi waliyoyarithi kwa wazee wao. Tangu mwaka 2004 hata mwaka 2024, katika kila uchaguzi wa rais, kaunti zake zote 77 zilimpa ushindi mgombea wa chama cha Republican.

Tena ni watu wenye historia ndefu katika mambo ya ulevi. Jimbo hili lilipoundwa mwaka 1907 liliingia katika muungano likiwa na marufuku ya pombe ndani ya katiba yake. Serikali Kuu iliharamisha pombe nchi nzima mwaka 1920 na ikaiachilia mwaka 1933, lakini Oklahoma iliendelea kuzuia pombe kali hata mwaka 1959. Miaka yote hiyo sheria ilikuwa kali katika karatasi, na huku wauzaji wa magendo wakifikisha chupa hata milangoni mwa watu. Gavana J. Howard Edmondson alipoingia madarakani mwaka 1959, aliamuru sheria ile ifuatwe barabara, ili wale waliokuwa wakiiunga mkono mchana na kunywa usiku waone uzito wake. Haukupita muda mrefu, mwezi wa Aprili mwaka ule ule, watu wakaiondoa marufuku kwa kura. Habari hii na tuikumbuke, kwani tutairejea.

Mwisho katika utangulizi huu, yafaa ijulikane kwamba katika Oklahoma raia wana haki ya kukusanya saini kwa idadi iliyowekwa na sheria, na zikitimia, serikali yalazimika kuwauliza wapiga kura wote. Jambo linaloulizwa huitwa Swali la Jimbo, nalo hupewa nambari. Maswali tutakayoyataja yalikuja kwa njia hiyo. Hayakutoka kwa gavana wala kwa bunge.

Swali la kwanza: adhabu ya mtumiaji

Novemba 2016 wapiga kura waliletewa Swali la Jimbo nambari 780. Kabla yake, mtu aliyepatikana na dawa ya kulevya kwa matumizi yake mwenyewe aliweza kuhukumiwa kwa kosa kubwa la jinai, akafungwa miaka mingi, na akitoka gerezani jina lake limechafuka, hapati kazi wala nyumba ya kupanga. Wakati huo Oklahoma ilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyofunga watu wengi kuliko yote kwa kulinganisha na idadi ya raia wake, na katika kuwafunga wanawake ndiyo iliyotangulia. Swali la 780 lilitaka kupatikana na dawa kwa matumizi ya nafsi kuwe kosa dogo, ambalo adhabu yake haizidi mwaka 1 katika jela ya kaunti. Swali la 781 lililofuatana nalo lilitaka fedha zitakazookolewa katika magereza zipelekwe kwenye kaunti kwa kuwatibu walevi na wagonjwa wa akili.

Aliyeongoza shughuli hii ni Kris Steele, aliyekuwa Spika wa bunge la jimbo, mtu wa chama cha Republican na mhubiri wa kanisa. Hakusema kwamba madawa ni mazuri. Alisema kwamba mlevi ni mtu mwenye maradhi, na gereza halimponyi. Watu wapata asilimia 58 walikubali.

Tarehe 4 Novemba 2019, baada ya sheria hiyo kuwafikia pia waliofungwa kabla yake, wafungwa 462 walitoka magerezani kwa siku moja baada ya kupunguziwa vifungo. Ilikuwa idadi kubwa ya namna hiyo kuliko zote zilizopata kutokea Marekani kwa siku moja. Gavana aliyetia saini ni Kevin Stitt, naye pia ni Republican. Mshike jina lake, kwani atakuja tena katika swali la tatu akiwa upande mwingine.

Swali la pili: dawa ya mgonjwa

Tarehe 26 Juni 2018 lilikuja Swali la Jimbo nambari 788: je, bangi iruhusiwe kwa matibabu? Watu wapata asilimia 57 walikubali. Wengi wao walipiga kura kwa huruma. Walikuwa na jamaa waliougua saratani, au askari waliorudi vitani na maumivu yasiyokwisha, au watoto wenye kifafa. Wala si uongo kwamba katika mmea huu mna dawa. Siku moja kabla ya kura hiyo, tarehe 25 Juni 2018, idara ya Serikali Kuu inayosimamia madawa iliidhinisha Epidiolex, dawa iliyotolewa katika mmea wa bangi, kwa kutibu aina mbili za kifafa kikali cha watoto. Dawa hiyo haina kile kilevi kilichomo ndani ya bangi, na hutolewa kwa kipimo maalumu kwa amri ya daktari.

Lakini sheria ya 788 haikuandikwa kwa mfano wa Epidiolex. Haikutaja maradhi yoyote ambayo mtu lazima awe nayo ndipo apewe cheti. Ilitosha daktari apendekeze. Haikuweka mpaka wa idadi ya maduka wala ya mashamba, na ada ya leseni ya biashara ilikuwa dola 2,500 tu. Kodi ya mauzo ya bangi ikawa asilimia 7.

Yaliyofuata yaliwashangaza hata walioikubali. Katika miaka michache jimbo lilikuwa na maduka ya bangi zaidi ya 2,000 na leseni za mashamba zaidi ya 8,000. Waliopata kadi za ugonjwa walikaribia sehemu 1 ya 10 ya raia wote, watoto na wazee wakihesabiwa. Haiyumkiniki kwamba wote hao walikuwa wagonjwa. Mlango wa dawa uliachwa wazi, na wapenda starehe wakaingia pamoja na wagonjwa.

Tena sheria ilitaka asilimia 75 ya kila biashara iwe mali ya wakaazi wa jimbo. Wenye mitaji ya kutoka nje walipata hila: walimtafuta mkaazi, wakamlipa aazime jina lake, naye akawa mwenye shamba asilolijua hata lilipo. Bangi nyingi iliyolimwa kwa leseni hizo ilitoroshwa ikauzwa kwa magendo katika majimbo ambayo ni haramu. Wakulima wa zamani walilalamikia maji na umeme. Polisi walikuta vibarua wa kigeni wakifanyishwa kazi katika hali mbaya. Novemba 2022 watu 4 waliuawa katika shamba la bangi katika kaunti ya Kingfisher. Miezi michache kabla ya hapo, Agosti 2022, serikali ilikuwa imekwisha kusimamisha utoaji wa leseni mpya za biashara hiyo.

Swali la tatu: starehe na biashara ya wazi

Katika hali hiyo, tarehe 7 Machi 2023, watu waliletewa Swali la Jimbo nambari 820: je, kila mwenye umri wa miaka 21 na zaidi aruhusiwe kununua bangi kwa starehe, hata wakia 1 kwa mara moja, yaani gramu 28 hivi? Twataka tuzitaje hoja za pande zote mbili kwa uadilifu, kwani si katika desturi ya elimu mtu kuificha hoja ya anayempinga.

Waliotaka iruhusiwe walisema: Kwanza, kodi ya asilimia 15 itaingia katika hazina, isaidie shule, matibabu ya walevi, mahakama na serikali za miji, na wanunuzi wengi watatoka Texas, kwa hiyo kodi italipwa na wageni. Pili, waliowahi kuhukumiwa kwa makosa madogo ya bangi watapata kuomba makosa yao yafutwe, wapate kazi kama watu wengine. Tatu, bangi tayari yapatikana kwa yeyote mwenye kadi. Basi kuna maana gani kujidanganya? Nne, ubaya ulioonekana haukutokana na ruhusa, ulitokana na usimamizi dhaifu, na dawa ya usimamizi dhaifu ni kuutia nguvu.

Waliokataa walisema: Kwanza, watoto. Bangi huuzwa ndani ya peremende na biskuti, na mtoto hawezi kupambanua. Na madaktari wathibitisha kwamba madhara ya bangi huzidi kwa vijana ambao ubongo wao haujatimu, na kwamba kutumia bangi kali mara kwa mara kumefungamana na maradhi ya akili. Pili, vijiji vimekwisha kuharibika kwa mashamba ya magendo, na serikali iliyoshindwa kuyasimamia yaliyopo haiwezi kuaminiwa na yaliyo makubwa zaidi. Tatu, sheria ni mwalimu. Likiruhusiwa jambo kwa starehe, kijana hufahamu kwamba halina ubaya. Upande huu uliongozwa na Frank Keating, aliyekuwa gavana zamani, na pamoja naye walikuwa viongozi wa Wabaptist, vyama vya wakulima na wafugaji, na polisi wengi. Gavana Stitt, yule yule aliyewafungulia wafungwa 462, naye alipinga.

Upande wa kukubali ulitumia fedha nyingi kuliko upande wa kukataa. Pamoja na hayo, kura zilipohesabiwa, wapata asilimia 62 walikataa, na swali lilishindwa katika kaunti zote 77, hata katika zile zenye miji mikubwa ya Oklahoma City na Tulsa. Kweli, siku ile haikuwa na uchaguzi mwingine mkubwa, na waliotoka kupiga kura hawakuzidi sana robo ya walioandikishwa; walioshindwa walilitaja hilo, na wana haki ya kulitaja. Wala majimbo mengine ya kihafidhina hayakujibu yote namna moja. Missouri ilikubali Novemba 2022 kwa asilimia 53, na mwezi ule ule Arkansas na North Dakota zikakataa.

Lililo muhimu kwetu ni hili: watu wale wale wa Oklahoma walikubali kumpunguzia adhabu mtumiaji, wakakubali dawa kwa mgonjwa, kisha wakakataa biashara ya starehe. Mwenye kutazama kwa haraka ataona kwamba wamejipinga. Sivyo. Maswali yalikuwa matatu, na kila swali lilistahiki jibu lake.

Wanazuoni wetu waliyatenga zamani

Jambo hili si geni katika elimu yetu. Mmea huu ulienea katika nchi za Waislamu kiasi cha karne ya 7 ya Hijra, ukijulikana kwa jina la hashishi, na wanazuoni wa zama zile walitakiwa kutoa hukumu juu ya kitu ambacho hakikutajwa kwa jina lake katika Qur'ani wala Hadithi. Tazama walivyofanya.

Katika swali la uhalali, waliotegemewa miongoni mwao walisema ni haramu, kwa sababu yaiharibu akili, na kuilinda akili ni katika makusudio ya Sharia. Katika swali la adhabu walihitilafiana. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 Hijra (1328), aliona mwenye kuitumia apigwe hadi kama mnywaji wa pombe. Al-Qarafi wa madhehebu ya Malik, aliyefariki mwaka 684 (1285), alipambanua baina ya chenye kulevya, chenye kuharibu akili na chenye kulaza usingizi, akaiweka hashishi katika chenye kuharibu; kwa hiyo hakuna hadi, bali adhabu ya kutia adabu ambayo kadhi huikadiria. Nawawi, imamu wa madhehebu yetu ya Shafi, aliyefariki mwaka 676 (1277), naye aliona ni haramu lakini adhabu yake ni ya kutia adabu. Na katika swali la dawa, wanazuoni wa Kishafi walijadili habari ya mtu anayehitaji kukatwa kiungo kilichooza, wakasahihisha kwamba yajuzu kupewa kitu cha kumwondolea fahamu asihisi uchungu, kwa ajili ya dharura.

Basi jambo kuwa haramu ni mas'ala, kiasi cha adhabu yake ni mas'ala nyingine, na dharura ya mgonjwa ni mas'ala ya tatu. Mwenye kuzichanganya atapotea kwa mojawapo ya njia mbili: ama atasema kwamba maadamu adhabu ni nzito mno jambo lenyewe si baya, ama atasema kwamba maadamu jambo ni baya hakuna adhabu iliyo nzito mno. Zote mbili ni dhuluma.

Mizani ya manufaa

Imebaki hoja ya kodi, nayo ndiyo iliyo tamu zaidi masikioni mwa wanasiasa wa kila nchi. Hoja hii isijibiwe kwa kukanusha kwamba fedha hupatikana, kwani zapatikana. Qur'ani yenyewe, katika Sura ya al-Baqara, ilipoulizwa habari ya ulevi na kamari, haikukanusha kwamba mna manufaa kwa watu. Iliyakiri, kisha ikayapima, ikabainisha kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Hii ndiyo njia ya kujadiliana: kiri faida ya mwenzio, kisha iweke katika mizani.

Tuiweke basi. Wenye kuichunguza biashara hii wameona kwamba sehemu kubwa ya bangi hutumiwa na wale waitumiao kila siku au karibu na kila siku. Mtu anayeivuta mara moja kwa mwaka haijazi hazina. Aijazaye ni yule aliyekwisha kufungwa nayo. Maana yake ni kwamba serikali itakayotegemea kodi hii itakuwa na haja kwamba walevi wasipungue. Shule itajengwa kwa fedha za baba aliyeshindwa kumlipia mwanawe karo ya shule ile ile. Mfanyabiashara mwenye akili hawezi kuiita hiyo faida, kwani ametoa mfuko wa kulia akautia wa kushoto, na njiani zimepungua.

Lakini mizani ina upande wa pili, na hapo twarejea kwenye habari ya mwaka 1959. Watu wa Oklahoma waliiweka marufuku ya ulevi ndani ya katiba kwa miaka 52, na ulevi haukwisha, kwa sababu sheria ilikataza na nyoyo hazikukatazika. Mhubiri aliiunga mkono marufuku kwa ajili ya dini, na mwuza magendo aliiunga mkono kwa ajili ya faida yake. Basi asidhani mtu kwamba akishapata sheria kali amekwisha kazi. Sheria ni ukuta, na ukuta usio na watu ndani haulindi kitu.

Yatuhusuje sisi

Katika Kenya bangi ni haramu kwa sheria. Sheria ya madawa ya kulevya ya mwaka 1994, iliyorekebishwa mwaka 2022, ilipotungwa ilimwekea aliyepatikana na bangi kwa matumizi yake mwenyewe kifungo cha hata miaka 10, na asiyeweza kuthibitisha hivyo hata miaka 20. Katika uchaguzi wa mwaka 2022 mgombea urais George Wajackoyah aliinadi bangi kuwa ni mali itakayolipa madeni ya nchi. Hakupata hata asilimia 1 ya kura, lakini vijana wengi walimshangilia, na hoja aliyoitumia ni hiyo hiyo ya kodi na faida iliyotumika Oklahoma. Hapana shaka itarudi, na itakaporudi itakuja na mdomo mtamu zaidi.

Rai yetu ni hii. Tukiulizwa habari ya mtumiaji, yaani kijana wa mtaani petu aliyekamatwa na msokoto mmoja, tuseme kwamba amekosa, na tuseme vile vile kwamba miaka 10 gerezani pamoja na wezi na wauaji haimtengenezi. Kijana yule ni mwana wa mtu, ana mama anayemlilia. Wahubiri wa Oklahoma walipata ujasiri wa kulisema hilo hadharani. Itakuwa aibu sisi wenye dini ya rehema kunyamaza. Apelekwe kwenye matibabu, na baada ya matibabu apewe kazi na pahala msikitini.

Tukiulizwa habari ya mgonjwa, tuseme kwamba dawa iliyothibitishwa na madaktari, iliyopimwa na kutolewa kwa amri yao, ni dawa. Lakini tutake tuone maradhi yakitajwa, kipimo kikitajwa, na mlango ukiwa na bawabu. Yaliyotokea baada ya 788 ni onyo tosha.

Tukiulizwa habari ya maduka ya starehe, tujibu la, na tutaje sababu zetu kwa utulivu: akili ya vijana, hazina inayoishi kwa ulevi, na udhaifu wa wasimamizi. Ikiwa jimbo tajiri la Marekani lilishindwa kuyajua mashamba 8,000 ni ya nani, sisi ambao hata chang'aa imetushinda tutaweza vipi?

Wala tusisahau kwamba katika miji yetu yako majumba yanayojulikana na kila mtu kwamba mnauzwa madawa, na mwuzaji aheshimiwa, huchangia harusi na hukaa safu ya mbele, na huku kijana aliyenunua kwake ndiye apigwaye na kuitwa takataka. Huko ndiko kuigeuza haki chini juu. Mwuzaji apatao mali kwa kuharibu wana wa watu ndiye astahikiye ukali wetu, na mnunuzi ndiye astahikiye huruma yetu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wetu uko hapo, katika kumwonea haya mwenye mali.

Maswali ya kuzungumzwa katika darasa

1. Taja maswali matatu waliyoulizwa watu wa Oklahoma, na jibu walilotoa katika kila moja. Je, majibu hayo yapingana?

2. Kwa nini Gavana Stitt aliweza kuwatoa wafungwa gerezani na bado akalipinga Swali la 820?

3. Ni kasoro gani zilizokuwamo katika sheria ya 788? Lau ungepewa kuiandika upya, ungeweka masharti gani?

4. Al-Qarafi na Ibn Taymiyya walikubaliana katika nini, na walihitilafiana katika nini?

5. Akija mgombea katika mtaa wako akasema kwamba bangi italipa madeni ya nchi, utamjibu nini bila ya kumtukana?

Mwenye majibu na ayalete katika kikao kijacho, na asiyekubaliana na rai yetu na alete hoja zake, tutazisikiliza. Twamwomba Mwenyezi Mungu azilinde akili za wana wetu, awaponye waliokwisha kunaswa, na atupe sisi uadilifu wa kumhukumu kila mtu kwa lile alilolitenda, wala si kwa zaidi. Amin.